Mita Moja na Nusu kwa Kila Mtoto

Jumatatu, 4 Machi

Nyange,

Mdogo wako amenikuta karakanani nikiongea peke yangu. Nilikuwa nakuuliza umeweka wapi ile patasi ndogo. Akasimama mlangoni, akasikiliza mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Shemeji, wateja wataanza kuogopa. Kama lazima useme naye, andika." Akanipa daftari la mahudhurio la mwaka jana. Kurasa za nyuma hazijatumika. Za mbele zina mwandiko wako, sizifungui.

Basi naandika. Mimi si mtu wa kalamu, unajua. Yangu ni ile ya kuchora mstari kwenye mbao, inakaa sikioni.

Habari ni moja. Barua imekuja kutoka manispaa. Kuna sera mpya ya elimu ya awali. Kila kituo cha watoto wadogo kitapimwa. Kikifaulu kinapewa leseni, na chenye leseni kinaweza kuomba mkopo nafuu kwenye mfuko wa wafanyabiashara wadogo. Kisipofaulu kinapunguza watoto, au kinafungwa.

Uliingoja sera hii miaka minne. Ulikwenda kwenye mikutano yao ukarudi na kofia ya karatasi na peni isiyoandika. Ukasema siku wakubwa wakijua kwamba mtoto wa miaka mitatu ni mtu, tutapumua. Haya, wamejua. Miezi minne baada ya kukuzika.

Sina wasiwasi. Chumba chetu cha watoto nakijua. Nimefagia mwenyewe leo, mpaka nyuma ya mlango.

Jumatano, 6 Machi

Afisa amekuja. Binti mdogo, sauti ya taratibu, viatu alivivua mwenyewe bila kuambiwa. Kabla hajamaliza kuvivua watoto walishampa jina: Bi Futi. Ni kwa sababu ya futi yake ya chuma, ile inayovutwa ikiachiwa inarudi mbio ndani ya kasha. Chiriku alitaka aivute yeye. Huyu mtoto wa mdogo wako hajanyamaza tangu uondoke, anaongea hata akila. Bi Futi akamwachia, wakacheza kidogo. Nikasema moyoni, huyu ni mtu mwema.

Tukamwonyesha, mimi na mdogo wako aliyeshika kazi yako. Mabenchi kwenye kuta mbili, mwanzo hadi mwisho. Kabati, kila mtoto na kijishubaka chake. Jukwaa la hadithi pale pembeni. Nikamweleza kwamba nilipima watoto kwanza, goti hadi kisigino, ndipo nikakata miguu ya mabenchi. Akapitisha kiganja kwenye ukingo. Hakupata kibanzi hata kimoja. Habari ya soksi sikumwambia, hiyo ni yetu. Ulivyokuwa ukivaa soksi ndefu mkononi na kuipitisha kwenye kila mbao, na ikikwama tu: "Fundi, rudi kazini."

Halafu akapima. Mita tisa kwa mita tano na sentimita sabini. Kila mtoto lazima apate mita moja na nusu ya mraba. Tunao thelathini na wanne. Hesabu nilishaipiga asubuhi: inatosha, na inabaki pa paka kujilaza.

Akaanza kutoa.

"Ni sakafu huru, mzee wangu. Mwongozo unasema chochote kilichofungwa ukutani au sakafuni kinatolewa."

"Na kisichofungwa?"

"Kinachohamishika hakihesabiwi."

Akatoa mabenchi. Akatoa kabati. Akatoa jukwaa. Tukabaki na sakafu ya watoto ishirini na watano.

Nilimuuliza mara tatu, nikidhani sikuelewa. Yaani benchi hilihili, mahali hapahapa, lingekuwa halikufungwa, chumba kingekuwa kikubwa zaidi? Akasema ndiyo. Aliangalia fomu yake wakati anasema.

Na aliyefunga ni mimi, Nyange. Seremala mwingine angeleta viti vya kuungaunga akaviacha vizurure. Mimi nilichimba sakafu, nikaizika miguu ya mabenchi ndani ya zege. Makabati nikayapiga skrubu ndefu kama kidole. Nilijisifu nazo. Wewe ulisema kitu kinachoweza kuanguka kitamwangukia mtoto, nami nikahakikisha hapa hakianguki kitu mpaka nyumba yenyewe ianguke.

Watoto tisa watoke. Atarudi kupima mara ya mwisho Ijumaa tarehe 22.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeharibu mlango wa mteja. Nimeukata mfupi, sentimita mbili. Miaka thelathini sijawahi. Hasira inakula vipimo.

Aliyeandika mwongozo ule, jina lake silitaki. Nataka kujua kitu kimoja tu: amewahi kukaa sakafuni na watoto wadogo hata saa moja? Mtoto hakai katikati ya chumba. Hukaa ukutani, pembeni, chini ya kitu, juu ya kitu. Katikati ni pa kupitia. Wewe ndiye uliyenionyesha. Kabla sijapiga randa hata ubao mmoja ulinikalisha juma zima pale mlangoni na daftari, niweke alama wanapokaa. Alama zote zilikuwa kandokando. Ukasema, "Umeona? Tuwajengee huko walikokwisha hamia."

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda kwenye mfuko wa wafanyabiashara wadogo. Nilivaa shati lile la harusi ya mpwa wako. Wazo langu lilikuwa hili: tujenge baraza nyuma, lipauliwe, lihesabiwe kama sakafu. Mabenchi yabaki, watoto wabaki. Mbao ninazo, mikono ninayo. Kinachokosekana ni saruji na mabati.

Kijana wa mikopo ana tai nyekundu na feni peke yake. Mazungumzo yalikwenda hivi.

"Ni biashara gani?"

"Kituo cha watoto wadogo."

"Kinazalisha nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikasema kinazalisha watu wazima.

"Kwa muda gani?"

"Kama miaka kumi na mitano."

Akacheka, hakucheka kwa ubaya. "Mkopo wetu ni wa miezi kumi na minane, mzee."

Halafu akanieleza kwa upole kabisa. Kituo cha watoto ni huduma, si uzalishaji. Na huduma haipewi mkopo bila leseni. Nikamwambia leseni siipati bila baraza, na baraza silijengi bila mkopo. Akasema ndiyo, amelisikia hilo kwa wengi. Yaani amelisikia. Kama mtu anayesema amesikia mvua.

Nyuma yangu alikuwepo mfuga kuku mmoja, mtu mnene, mchangamfu. Fomu yake iligongwa muhuri nikiwa bado nimesimama. Akaniegemea: "Fundi, andika unafuga. Nani atakuja kuhesabu?" Nikamuuliza kuku wanapewa nafasi kiasi gani. Mita moja kuku saba, na kichanja cha kulalia kimefungwa ukutani. "Kikiwa hakikufungwa?" Akashangaa swali. "Kitawaangukia, fundi."

Kuku wa mji huu wana mwongozo wenye akili.

Nikiwa nainuka, kijana akaniita. Karakana yangu, hiyo anaweza kuisaidia. Mashine ya kukatia, leseni ya biashara tayari ipo. "Majeneza yanakwenda sana siku hizi, mzee. Hapo utarudisha haraka."

La mwisho nililotengeneza lilikuwa lako. Hakujua. Nilisema asante. Nimetembea mpaka nyumbani.

Sasa hivi ndiyo maneno yanakuja, kama kawaida yangu, mlango ukishafungwa. Ningemwambia hivi: pale kiwanda cha nguo, karibu mama wote wanaoshona wanaacha watoto kwetu. Kila shati linalotoka geti lile lina chumba chetu ndani yake. Kiwanda kimesamehewa kodi miaka kumi kwa sababu kinazalisha. Hakikutakiwa kuweka hata mkeka mmoja wa mtoto. Chumba kinachokifanya kizalishe, hicho hakizalishi kitu. Nani alifundisha hesabu hii? Mimi nilifika darasa la saba tu lakini hii ningeikataa hata la tatu.

Jumanne, 12 Machi

Kikao cha wazazi. Walikuja baada ya zamu, nyuzi bado zimewaganda nguoni. Walikaa kwenye mabenchi ya watoto, magoti karibu na masikio.

Mdogo wako alieleza vizuri, bila kulia. Watoto tisa. Akauliza wanashauri nini.

Mlinzi wa kiwanda, baba wa mapacha, akasema waliokuja mwisho watoke kwanza. Foleni ni foleni.

"Foleni gani inayopungua kutoka nyuma?" akauliza mmoja.

"Wewe unasema hivyo kwa sababu wako walianza zamani."

"Wangu wawili, wakitoka wanatoka wawili!"

"Kumbe umezaa kwa jumla, unataka punguzo?"

Wakacheka, halafu hawakucheka tena. Nilimwona mama mmoja akihesabu watu kwa macho, anatafuta tisa ambao si yeye. Sitaki kuona tena macho yale. Hawa ni watu waliobebeana maji juma ulilofariki.

Ndipo akasimama yule anayeshona vifungo, Mama Vifungo, mdomo wake mkasi. "Samahani, Fundi. Kwani msumeno wako umekwenda likizo?"

Wote wakanigeukia. Yeye akaendelea:

"Vikihamishika havihesabiwi. Si ndivyo alivyosema? Basi kata, vihamishike. Mbao ni mbao. Mwanangu akitoka hapa, kiwandani haingii. Nitakaa naye nyumbani tunatazamana."

Nilipandisha sauti. Mimi. Nikasema mbao hizo ndizo zinazomzuia mwanao asivunjike shingo.

"Basi avunjike akiwa na leseni," akasema.

Walicheka wote mpaka mlinzi akashika ukuta. Na mimi nikacheka, nikamchukia, nikajua ana haki.

Walipoondoka mdogo wako alikuwa anapanga vikombe. Akasema bila kugeuka, "Shemeji, nikuulize kitu usikasirike. Unawalinda watoto, au unalilinda benchi la dirishani?"

Nimetoka nje. Sikula kwake.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekata.

Nilianza asubuhi, kituo kitupu. Benchi la ukuta wa mlango kwanza. Msumeno wa chuma unatoa sauti mbaya ukikaribia zege. Mguu mmoja mmoja. Mbao haikuwa na kosa lolote, ilikuwa kavu, imenyooka, ingekaa miaka arobaini. Nilikuwa nikiitukana ili niweze kuikata. Halafu nikawatukana wenye mwongozo huko waliko. Halafu nikakutukana wewe kidogo, Nyange, kwa kuondoka. Unisamehe hilo.

Jukwaa limetoka vipande viwili. Skrubu za kabati zimetoka na plasta, ukuta una matundu kama umepigwa risasi. Mabenchi nimeyawekea miguu mipya ya msalaba. Yamesimama palepale yalipokuwa. Yanayumba kidogo ukikalia ukingoni. Sasa hayahesabiwi. Chumba kimekua bila kukua.

Kimebaki kipande cha dirishani. Mita moja na nusu tu.

Niandike mara moja, nisiandike tena. Uliketi pale baada ya uji wa saa nne, watoto walipolala. Ulisema kichwa kinauma, presha imeamka na wewe leo. Mdogo wako alikuwa nje anaanika. Mimi nilikuwa hapa upande wa pili wa ukuta, napiga randa, naimba. Chiriku ndiye aliyeamka kwanza. Akakuona umeegemea ukuta umefumba macho, akachukua shuka lake akakufunika. Akawaambia wenzake wasipige kelele, Mama Mkubwa amelala. Wakanyamaza. Watoto thelathini na wanne walinyamaza kwa ajili yako, nikajiuliza mbona leo kimya, nikafurahi, nikaendelea kuimba.

Hilo benchi silikati.

Hesabu nimeipiga. Chumba kitupu: watoto thelathini na wanne, kamili. Chumba na benchi lile: thelathini na watatu.

Jumatatu, 18 Machi

Siku mbaya. Watoto waliingia wakasimama. Halafu wakaanza kukimbia. Katikati ni peupe, basi wakakimbia. Hawakuketi asubuhi nzima. Mdogo mmoja alikwenda kwenye kishubaka chake, kabati limesogezwa, hakukiona, akalia na mkoba wake mgongoni mpaka akalowa.

Saa tano nikasikia mdogo wako anapiga kelele jina langu. Yeye haniiti jina kamwe.

Kabati refu. Nilikusudia kuliwekea kitako kipana leo jioni. Watoto hawangoji jioni. Wawili walipanda rafu ya chini kama ngazi, wakitaka mpira ulio juu, kabati likawajia. Mdogo wako alilipokea kwa bega. Nilipofika alikuwa ameliegemeza hivyo, wale wawili chini ya kwapa zake, anasema, "Taratibu, taratibu, tokeni kama paka." Hawana hata mchubuko.

Bega lake limevimba. Zahanati wamesema halikuvunjika. Amefungwa kitambaa. Nimemsaidia kuvaa kiatu, akaniambia, "Usinitazame hivyo, si wewe." Ni mimi. Na ni karatasi. Ni karatasi na mimi.

Jumanne, 19 Machi

Nilikwenda ofisini kwa Bi Futi. Meza yake iko kwenye korido, kati ya mlango wa choo na rundo la mafaili. Hata yeye hana mita moja na nusu.

Nilimweleza kabati. Akashika mdomo. Akauliza bega, akauliza watoto, akaandika namba ya zahanati. Nasema kweli, aliumia. Halafu akatazama huku na huku akasogea.

"Mzee wangu. Lifunge tena nikishapima."

"Nifunge?"

"Nikishatoka, skrubu zako ni zako."

"Na ukaguzi wa ghafla? Barua inasema mara tatu kwa mwaka."

"Nitakupigia simu kabla."

Ukaguzi wa ghafla wenye simu kabla! Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Vituo kumi na moja ameshavipima, kumi na moja vinafanya hivyo. Wanafungua, anapima, wanafunga. Ripoti zinatoka nzuri.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo huko juu wanaona mwongozo unafaa?"

Akayapanga upya mafaili yaliyokwisha pangwa.

"Kumi na moja vimefaulu. Mwaka ujao watausambaza mji mwingine, kwa sababu kumi na moja vimefaulu. Ndivyo?"

"Mzee wangu, mimi nina mkataba wa mwaka mmoja."

Nikamwambia kuna benchi moja, limezikwa kwenye zege, hilo si la kufungua na kufunga. Likikatwa limekatwa. Sikumwambia kwa nini. Akapiga hesabu. "Ni mtoto mmoja tu. Andika thelathini na watatu. Wa thelathini na nne akija, ni mgeni. Mgeni haandikwi."

Alinisindikiza mpaka nje. Akanunua maji, akanipa mimi. Ningefurahi kama angekuwa mtu mbaya. Ningepata pa kuielekezea hasira hii. Sasa natembea nayo mkononi kama mtu aliyebeba makaa.

Alhamisi, 21 Machi

Makabati nimeyatoa yote, nimeyaleta karakanani. Sitaki kufungua na kufunga. Sitaki simu kabla. Vitu vya watoto vimewekwa kwenye maboksi sakafuni, kila mtoto na mchoro wake juu: samaki, mwavuli, ufagio. Chumba kinapiga mwangwi.

Leo mchana nilimkuta mdogo wako anaandika orodha ya kesho kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado umefungwa. Nikaisoma begani kwake. Thelathini na watatu. Nikatafuta aliyekosekana. Nikasoma tena.

Chiriku.

"Ni wangu," akasema. "Kwa nini nimtoe wa mtu mwingine wakati wangu yupo? Siku za kupimwa atakaa kwako karakanani. Benchi la dada libaki."

Nikasema hapana. Akasema, "Shemeji, acha. Umekata vyote. Hicho kimoja nakupa mimi." Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayelipia nauli ya mwenzake bila kutaka aonekane.

Nilikuwa karibu kukubali. Naandika kweli, hapa hakuna wa kudanganywa. Nilishaanza kufikiri nitamwekea godoro dogo kule karakanani, mbali na vumbi.

Jioni Chiriku alikuja kunisumbua kama kawaida, anachagua maranda yaliyojikunja vizuri. Mama yake alikuwa ameshamweleza. Akaniuliza, "Baba Mkubwa, mimi ni mgeni wa nani?"

Nikaendelea kupiga randa.

"Mgeni anakuja na mzigo. Mimi sina mzigo. Nakuja na mama."

Nikamwambia nenda ukanawe mikono.

Ana miaka minne. Alinyamaza njia yote mpaka bombani. Nilimsikiliza.

Ijumaa, 22 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi. Naandika nimekaa sakafuni. Naupumzisha mkono.

Nimeingia saa mbili na msumeno wa chuma. Mdogo wako akaniona akasema, "Shemeji, tulishakubaliana." Nikamwambia mimi sikukubali, nilinyamaza tu, nimenyamaza sana mwaka huu. Nikachukua orodha yake nikaongeza jina mwenyewe, kwa kalamu ya seremala, kubwa, limechukua mistari miwili. Thelathini na wanne. Hakuna mgeni hapa.

Benchi lina miguu minne. Mitatu nimeikata.

Watoto wamekaa mlangoni wananitazama, hawaingii. Mmoja ameuliza kwani limekosa nini. Mama Vifungo alikuwa anamleta wake, amechelewa kazini, akasimama naye pale mlangoni. Nilingoja aseme neno. Akavua viatu, akaja akalishikilia upande wa pili lisinielemee. Kwa mguu wa pili na wa tatu alilishika, hakusema neno. Yeye, wa mdomo ule. Halafu akakimbilia zamu yake.

Bi Futi amefika mapema. Yuko getini. Mdogo wako anamchelewesha kwa maneno, namsikia anamwonyesha bega, anamfungulia kitambaa. Mwache aone.

Nimeshaamua nitakalosema, na safari hii nalisema mlango ukiwa wazi. Kwenye fomu yake chini kabisa kuna mistari mitatu, maoni mengine. Niliiona siku ile, aliiacha tupu. Leo ataijaza. Aandike kabati lilitaka kuua watoto wawili kwa sababu lilifunguliwa ili lisihesabiwe. Aandike vituo vingine kumi na moja vinafungua na kufunga. Aandike mabenchi yalikuwepo. Asipotaka kuandika, futi haitashuka sakafuni. Nitakaa mlangoni hapa na watoto wote thelathini na wanne, afunge kituo mbele yao, awaeleze mwenyewe kwa lugha wanayoielewa.

Labda ataandika. Ana mkataba wa mwaka mmoja. Labda hataandika. Sijui tutafunguliwa Jumatatu.

Bado mguu mmoja. Nasikia viatu vyao vinakuja uani, nikimaliza benchi litaanguka kwenye mapaja yangu, nimejiweka chini yake ili lisipige kelele.

Nyange, ulinizoea mpole. Unikumbuke na hivi nilivyo leo.